Kila TMA wakitangaza mawimbi ya mita 2 pwani, Moshi na Arusha tunafunikwa na mawingu. Kuna uhusiano au ni macho yetu?

#1 Njia_Panda
Wakuu, heshima zenu. Wenye ujuzi wa hali ya hewa naomba mpite hapa.

Msimu wa kipupwe, Juni hadi Agosti, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) hutoa lile tangazo tunalolijua: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, mwambao wote, Tanga, Pwani, Dar, Lindi, Mtwara, Unguja na Pemba. Sisi wa Kilimanjaro na Arusha hatutajwi. Lakini tangazo likitoka tu, siku hiyo hiyo au kesho yake huku wingu linashuka hadi kwenye migomba, manyunyu asubuhi, mlima hauonekani. Likiondolewa, jua linarudi.

Dai langu: angalizo la bahari ni utabiri wa Moshi pia, na mtu mwenye kahawa ya kuanika aangalie kwanza mawimbi ya Tanga. Nipingwe kwa hoja.

#2 Chalii wa Sakina
Nimekaa siti ya mbele. Watu wa Moshi mwaka huu wamepata sababu ya kisayansi ya kutooga.

#3 Sinoptiki
Uhusiano upo, ila wewe umeunganisha watoto wawili ukamsahau mzazi. Mawimbi hayaleti wingu Moshi. Vyote viwili vinatoka sehemu moja.

Kusini mwa Bahari ya Hindi, kati ya nyuzi 25 na 35 kusini, karibu na visiwa vya Mascarene, kuna mgandamizo mkubwa wa hewa ambao kipupwe ndio wakati wake wa nguvu. Kwa kawaida Julai kitovu chake huwa karibu 1024 kwa hektopaskali, kipimo cha mgandamizo wa hewa. Mkondo wa hewa baridi ukipita Afrika Kusini, nyuma yake hujengeka mgandamizo mwingine mkubwa, kitovu kinaweza kuvuka 1030, na ulimi wake unapenya kwenda kaskazini kupitia Mlango wa Msumbiji. Tofauti ya mgandamizo kati ya kule na ikweta inaongezeka na kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, inakaza. Kutoka mkondo huo wa hewa upite Cape Town hadi kusi ikaze pwani yetu ni kama siku mbili hadi nne.

Hapo yanatokea mambo mawili kwa pamoja. Baharini upepo unapiga eneo refu la maji bila kizuizi, mawimbi yanakua. Nchi kavu, hewa ileile yenye unyevu inasukumwa kupanda kuelekea Pare, Kilimanjaro na Meru. Hewa ikipanda inapoa, ikipoa inatoa wingu.

Piga hesabu ndogo. Chukua joto la hewa pwani asubuhi ya Julai nyuzi 25, na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake unaanza kuwa matone, nyuzi 20. Tofauti ni 5. Kila nyuzi moja ya tofauti ni kama mita 125 za kupanda kabla wingu halijaanza. 5 × 125 = mita 625 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini iko zaidi ya mita 800, Arusha karibu 1,400. Maana yake hewa ya pwani ikifika kwenu bila kukauka njiani, inafika ikiwa imeshakuwa wingu.

#4 Njia_Panda
@Sinoptiki shukrani. Kwa hiyo sikuota. Inachukua saa ngapi kufika?

#5 Sinoptiki
Tanga hadi Moshi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 270, na mwelekeo ni kusini-mashariki kabisa, yaani mwelekeo wa kusi. Kwa kilomita 40 kwa saa ni saa saba hivi. Usiku upepo wa chini nchi kavu unalegea lakini ule wa mita 500 hadi 1,000 juu ya ardhi unaendelea. Ndiyo maana hewa iliyokuwa Tanga saa tano usiku mnaiamkia nyinyi saa kumi na mbili asubuhi.

#6 Mpare_Asilia
Hesabu nzuri kwenye karatasi, mkuu, ila umetuvuka. Kati ya Tanga na Moshi kuna Usambara na Pare. Amani na Lushoto ndizo zinazokamua hiyo hewa. Angalia upande wa pili: Mombo, Mkomazi, Same mpaka Mwanga ni mkonge na miiba, kwa sababu hewa inateremka imeshakauka. Sasa unyevu wa kuwapa Wachaga wingu unatoka wapi baada ya sisi kuumaliza?

#7 Chalii wa Sakina
Mpare hata unyevu hataki kugawa bure 😂

#8 Longido_Kavu
@Mpare_Asilia hoja yako ina nguvu kwa barabara ya lami, siyo kwa mstari wa upepo. Chora Tanga hadi Moshi kwenye ramani. Mstari hauvuki Lushoto. Unapita tambarare za Umba na Mbuga ya Mkomazi, Usambara inabaki kushoto kwako, Milima ya Taita ya Kenya kulia. Hapo katikati ni uwazi mpana. Kizuizi cha kwanza cha maana ni Pare ya Kaskazini, Ugweno na Usangi, ambako nako hufunikwa siku hizo hizo. Kinachobaki kinazunguka kupitia Ziwa Jipe na Himo.

Same iko nyuma ya Pare Kusini na Usambara, kwa hiyo ukavu wake ni halali. Ila huwezi kuutumia kuhukumu Marangu.

#9 Mpare_Asilia
Nakubali kuna uwazi. Lakini Mkomazi yenyewe ni kavu, hewa ikipita pale mchana inachemka na kuchanganyika na ya juu. Ile nyuzi 20 ya umande ya Sinoptiki haifiki Himo ikiwa 20. Weka 16 au 17, halafu rudia hesabu.

#10 Sinoptiki
Sawa, turudie. Hewa ya Moshi saa kumi na mbili asubuhi, joto nyuzi 17, umande 16. Tofauti 1, wingu linaanza mita 125 juu ya kichwa chako. Saa nane mchana joto nyuzi 24, umande 15 au 16, wingu linapanda hadi zaidi ya mita 1,000 juu ya mji na linaanza kupasuka. Ndiyo tabia ya Moshi: asubuhi limeshuka, mchana linainuka, jioni linarudi. Kwa hiyo hata kwa namba zako wingu lipo, isipokuwa siku hizo Kibosho na Uru, walio juu mteremkoni, ndio wanaliwa zaidi kuliko mjini.

#11 Kahawa_Kibosho
Kwa nini hamtaji joto la bahari lenyewe? Machi na Aprili maji ya pwani yetu hufika nyuzi 29 na zaidi. Kufikia Agosti yameshuka hadi 25 au 26, kwa sababu kusi inakausha joto kwa mvuke na kuyachanganya maji ya juu na ya chini. Hewa iliyokaa juu ya maji ya 25 haiwezi kuleta joto huku. Mimi nasema baridi ya Moshi ni ya bahari, upepo ni gari tu.

#12 Sinoptiki
@Kahawa_Kibosho hiyo inaeleza kwa nini Julai siyo Machi. Haielezi kwa nini Jumanne ina wingu na Ijumaa ina jua. Bahari haipandi na kushuka nyuzi mbili ndani ya siku tatu.

#13 Mpagazi_Mstaafu
Wote mnaangalia kutoka chini. Tazameni kutoka juu.

Siku hizo mnazolia wingu Moshi, mtu akiwa kambi ya Machame, mita 3,000 hivi, anaweza kuwa ndani ya ukungu au pembezoni mwake. Akifika Shira, mita 3,800 na ushee, jua linawaka, anga ni bluu, na wingu lote liko chini ya miguu, limelala sawasawa hadi upeo wa macho, Meru ikitokeza. Kama kazi ni ya hewa kupanda mlima tu, wingu lingepanda hadi kilele cha Kibo. Haliendi. Kuna kitu kinalizuia.

Kitu hicho ni tabaka la hewa yenye joto na ukavu inayoshuka kutoka kwenye mgandamizo mkubwa huohuo wa Sinoptiki. Inakaa kati ya mita 2,000 na 3,000 hivi na kulifunika wingu kama mfuniko wa sufuria. Mgandamizo ukikaza, mfuniko unashuka na kubana zaidi. Kwa hiyo wingu ni jembamba, limetanda, linatoa manyunyu tu, siyo mvua ya maana. Mvua kubwa inahitaji wingu nene, na wingu nene linahitaji mfuniko ufunguke. Hapa mwenye kazi ni mfuniko, na upepo ni msaidizi.

#14 Usa_River_Safaris
@Mpagazi_Mstaafu nakazia kwa upande wa wageni: mtu anayepanda Julai kwa Machame au Marangu ajiandae kulowa siku ya kwanza na ya pili msituni hata kama vitabu vinasema ni kiangazi. Rongai, upande wa kaskazini, siku hizo hizo ni vumbi.

#15 Longido_Kavu
Na hicho ndicho kipimo kizuri cha hoja zote. Kama chanzo ni kusi kugonga mlima, basi nyuma ya mlima lazima kuwe na jua. Ngarenanyuki, Oldonyo Sambu, Longido, Ol Molog: angalia siku ambayo Tengeru imefunikwa. Mara nyingi huku ni jua na upepo mkavu. Mvua ya mwaka inasema hivyo hivyo: miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kwenye msitu wa mita 2,000 na kidogo, inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kaskazini haikaribii hapo.

Lakini kuna siku Longido nako kunafunikwa, na hizo siku nadharia ya mlima peke yake haitoshi.

#16 Nahodha_Bila_Jahazi
Salaam. Nimesoma yote. Wataalamu wa mlima mmesahau kumuuliza mwenye uzi swali la kwanza: angalizo la upepo gani?

TMA hutoa tangazo hilohilo, kilomita 40 na mita 2, hata Desemba, Januari na Februari. Huo ni kaskazi. Januari angalizo likitoka, Moshi kuna nini? Jua la kupasua kichwa na Kibo imekaa wazi tangu alfajiri. Basi dai la #1 kwamba angalizo la bahari ni utabiri wa Moshi limekufa nusu. Namba ni zilezile, mwelekeo umegeuka. Kaskazi inafika huku kutoka Somalia na Kenya kaskazini, imepita juu ya nchi kavu ndefu, haina unyevu wa kutosha.

Soma mwelekeo kwanza, halafu kasi.

#17 Njia_Panda
@Nahodha_Bila_Jahazi nilisema Juni hadi Agosti, mkuu, soma tena. Lakini hoja ya mwelekeo naichukua.

#18 Usa_River_Safaris
Nahodha, ukiwa hapa nisaidie. Wageni wakishuka mlimani Julai na Agosti wengi wanataka Pemba kupitia Tanga, au Unguja kwa boti. Mita 2 ni nyingi au ni ya kawaida? Ofisini kila mtu ana jibu lake.

#19 Nahodha_Bila_Jahazi
Tuanze na hiyo mita 2, maana wengi wanaielewa vibaya. Wimbi la kwenye utabiri siyo wimbi kubwa kuliko yote. Ukipanga mawimbi kwa ukubwa, ukachukua theluthi ya juu, wastani wake ndio hiyo namba. Katika saa kadhaa za kukaa baharini, wimbi mojamoja linaweza kukaribia mara mbili ya namba hiyo. Utabiri wa mita 2 unakuruhusu kukutana na wimbi la karibu mita 4. Meli kubwa ya abiria halitaisumbua sana. Boti ya fiba yenye kina kidogo halitaihurumia.

Pili, urefu bila muda ni nusu ya habari. Muda ni sekunde kati ya kilele na kilele. Kwenye maji ya kina, urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele ni 1.56 × muda × muda. Sekunde 6 ni mita 56. Sekunde 12 ni karibu mita 225. Mita 2 ndani ya mita 56 ni mwinuko mkali, chombo kinapiga pua na abiria wanatapika. Mita 2 ndani ya mita 225 unainuliwa na kushushwa polepole. Kusi iliyokaza kwenye mlango mfupi inatoa zile za sekunde 5 hadi 7. Zile ndefu zinatoka mbali kusini, zinapiga pwani zinazotazama mashariki, Paje na Jambiani, zinaishia kwenye mwamba.

Tatu, kina. Wimbi huanza kuhisi sakafu pale kina kinapokuwa nusu ya urefu wake. Mlango wa Unguja ni wa kina kifupi, sehemu nyingi mita 30 hadi 50. Mlango wa Pemba unashuka hadi mita 800 hivi. Pemba iko peke yake, Unguja na Mafia ziko juu ya kibaraza cha bara. Kwa hiyo njia ya Tanga hadi Mkoani ni bahari kuu kweli, fupi ila kuu.

Kwa ratiba zako:
Ondoka alfajiri. Usiku na asubuhi upepo wa kutoka nchi kavu unapunguza makali ya kusi. Kuanzia saa tano upepo wa bahari unajiunga na kusi, na saa nane hadi kumi ndio kilele.
Kwenda Mkoani unaikabili kusi kwa pua, kurudi Tanga inakusukuma kwa nyuma. Mgeni aliyerudi vizuri asikudanganye kwamba kwenda ni hivyo hivyo.
Abiria anayetapika akae katikati ya chombo, chini, siyo mbele juu.
Kilomita 40 kwa saa ni noti (maili za baharini kwa saa) 21 na nusu. Hapo povu jeupe liko kila mahali. Boti ndogo ya kukodi haipaswi kuvuka, hata mwenye boti akisema amezoea. Hasa akisema amezoea.

#20 Mama_Kilombero
Hilo la mwisho andika kwa herufi kubwa, kaka.

#21 Kahawa_Kibosho
Nahodha, mazungumzo ya siku zote ni kwamba kaskazi ndiyo bahari shwari na kusi ndiyo mbaya. Sasa kwa nini Januari nako kuna maangalizo?

#22 Nahodha_Bila_Jahazi
Kwa sababu ya mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unatiririka kwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na mkondo vinakwenda njia moja, mkondo unaongezeka kasi, unaweza kufika noti 4, lakini wimbi linalainika kidogo kwa sababu maji yanalikimbia. Wakati wa kaskazi, mkondo unapungua ila bado unakwenda kaskazini huku upepo unatoka kaskazini. Vinagongana uso kwa uso. Wimbi linakuwa fupi na la kusimama. Kaskazi ya noti 20 kwenye Mlango wa Pemba inaweza kukutesa kuliko kusi ya noti 20. Ni siku chache kuliko za kusi, ndiyo maana sifa ya shwari imebaki.

Shwari ya kweli ni tangambili, upepo unapobadilika, Machi–Aprili na Oktoba–Novemba. Lakini hapo kuna ngurumo za ghafla, na mvua ya radi inaweza kuleta upepo wa dakika 20 kutoka upande usiotarajiwa.

#23 Mama_Kilombero
Wakati mnaendelea na milima, kusi iliyokaza inafika sokoni Kilombero, hapa Arusha, kabla ya wingu. Wavuvi wadogo wa Tanga na Pangani hawatoki, basi la usiku linakuja na ndoo chache, bei inapanda.

Ila msiwekee kusi lawama zote. Kuna mwezi. Pweza wanatafutwa kwa miguu kwenye mwamba maji yakipwa sana, yaani bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu. Kwenye maji mafu mwamba haufunguki vya kutosha, pweza hakuna hata bahari iwe kioo. Dagaa ni kinyume nusu: wanavuliwa kwa taa, wanataka giza. Mwezi mpevu pweza wapo, dagaa hawapo. Mwezi mchanga vyote vinawezekana, kama kusi imetulia. Mwenye mgahawa Arusha anunue kalenda ya mwezi kabla ya kumlaumu muuzaji.

Na barafu: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, iliyovunjwa vipande vidogo, tabaka kwa tabaka, na tundu chini maji yatoke. Samaki akiogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka usiku mzima, akifika Arusha jicho limeshazama.

#24 Chalii wa Sakina
Huyu mama ametoa somo kuliko wote na hakutumia hektopaskali hata moja.

#25 Usa_River_Safaris
Wageni hupenda kutembea kwenye mwamba maji yakipwa, na kila mara wanarudi wameloa hadi kifuani. Kuna hesabu rahisi?

#26 Nahodha_Bila_Jahazi
Ipo. Kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika kumi na kidogo, na kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50. Tofauti ya kujaa na kupwa igawe mara kumi na mbili. Saa ya kwanza inasogea sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya mita 3.6 itapanda sentimita 30 saa ya kwanza, 60 ya pili, 90 ya tatu. Wageni wanadanganywa na saa ya kwanza. Waambie wageuke kurudi mara tu maji yanapoanza kuingia, siyo yanapofika magotini.

#27 Kahawa_Kibosho
Nirudi kwenye mada kwa mlango mwingine. Kama bahari inatuamulia kipupwe, basi na vuli pia. Ile tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi ndiyo bosi. Magharibi kukiwa na joto kuliko kawaida na upande wa Sumatra kukipoa, sisi tunapata vuli ya kufa mtu.

#28 Chalii wa Sakina
Si mnaita El Niño?

#29 Sinoptiki
Hapana, ni vitu viwili. El Niño ni Bahari ya Pasifiki. Anachosema Kahawa kinapimwa hivi: wastani wa joto la maji kati ya longitudo 50 na 70 mashariki, nyuzi 10 kusini hadi 10 kaskazini, ukitoa ule wa longitudo 90 hadi 110, nyuzi 10 kusini hadi ikweta. Siyo joto lenyewe, ni kiasi kilichozidi au kupungua kutoka kawaida. Australia wanahesabu kwamba imekuwa chanya ikidumu juu ya +0.4.

Mara nyingi vinakuja pamoja, ndiyo maana watu wanavichanganya. 1997 vilikuja vyote. 2023 pia, na ndiyo vuli iliyoleta maporomoko ya Katesh Desemba 3. Lakini 2019 El Niño haikuwa na uzito, Bahari ya Hindi ikawa chanya sana, na vuli ikazidi. 1961 vivyo hivyo, ndipo Ziwa Victoria lilipopanda kwa zaidi ya mita ndani ya miaka michache. Halafu 2015 El Niño ilikuwa kubwa mno, watu wakajiandaa na mafuriko ya 1997, na hayakuja kwa kiasi kile.

Ila hiyo ni habari ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Kipupwe haina sauti kubwa hapo, na masika nayo ina vurugu zake.

#30 Mpagazi_Mstaafu
Masika vurugu ni vimbunga. Hidaya ya Mei 2024 iliyoingia Mafia, watu wa Arusha walidhani inakuja hadi Ngaramtoni.

#31 Sinoptiki
Kimbunga kinahitaji maji ya nyuzi 26 na nusu au zaidi, na umbali kutoka ikweta wa nyuzi kama 5 ili dunia ikipe mzunguko. Pwani yetu iko karibu na ukingo wa sharti la pili, ndiyo maana ni nadra. Jobo ya Aprili 2021 ilikufa kabla ya kufika. Lindi walipigwa Aprili 1952, Unguja Aprili 1872 mikarafuu ikaanguka. Kikishagusa nchi kavu kinakosa mvuke, hakipandi mlima hadi Arusha.

Kinachotugusa sisi ni cha mbali. Kimbunga kikiwa mashariki ya Madagaska kinaweza kugeuza upepo wetu utoke magharibi, na upepo wa magharibi unaleta unyevu wa Kongo. Machi 2018, Dumazile na Eliakim, Afrika Mashariki mvua ikazidi. Kikiwa ndani ya Mlango wa Msumbiji kinaweza kunyonya unyevu kuelekea kwake. Machi 2019, Idai ilikuwa Beira, na masika huku ikachelewa.

#32 Mpare_Asilia
Hapo sasa unajipinga, mkuu. Kwenye #3 unyevu wa Moshi unatoka Tanga, kwenye #31 unatoka Kongo.

#33 Sinoptiki
Misimu tofauti, wingu tofauti. Julai wingu jembamba la pwani, Machi wingu nene la radi. Sioni mgongano.

#34 Longido_Kavu
Mgongano upo kwenye zile siku nilizosema #15, Longido nako kukiwa kumefunikwa katikati ya Julai. Kusi haiwezi kunifunika mimi nyuma ya Meru. Ama mfuniko wa Mpagazi umepanda na wingu linavuka, ama kuna unyevu unaoingia kutoka Ziwa Victoria. Hakuna aliyenijibu.

#35 Mpagazi_Mstaafu
Mfuniko ukipanda, wingu linanenepa na kuzunguka mlima pande zote mbili. Hiyo ni dalili kwamba mgandamizo umelegea kidogo, siyo umekaza. Kwa hiyo siku ya wingu Longido inapaswa kuwa siku ambayo bahari imetulia. Mtu aangalie.

#36 Sinoptiki
Sikubaliani. Kusi ikikaza sana inaweza kuburuta wingu hadi ng'ambo hata mfuniko ukiwa chini, hasa usiku.

#37 Usa_River_Safaris
Windy, ile tovuti ya utabiri, inaonyesha haya yote bure, si tuangalie tu?

#38 Sinoptiki
Angalia kwa tahadhari. Modeli ya ECMWF, ya Ulaya, ina kisanduku cha kilomita 9 hivi, ile ya GFS, ya Marekani, data zake nyingi ziko kwenye nyuzi 0.25, kama kilomita 28. Ndani ya kilomita 28 umeshatoka Moshi mjini hadi msituni. Modeli inausawazisha mlima, Kibo yake ni fupi, kwa hiyo wingu la mteremko inalikosea. Kwa upepo wa bahari iko vizuri. Kwa mawimbi iko vizuri nje ya mwamba tu, ndani ya mwamba isahau.

#39 Kahawa_Kibosho
Na mnavyobishana, mimi bado nasema maji ya 25 ndiyo yanaleta baridi.

#40 Mpare_Asilia
Tatizo la uzi huu ni kwamba Julai Moshi ina wingu siku nyingi, na kusi ina nguvu siku nyingi. Ukirusha vitu viwili vinavyotokea mara nyingi, vitakutana bila kujuana. Mtu achukue daftari, visanduku vinne: kusi kali na wingu, kusi kali na jua, kusi dhaifu na wingu, kusi dhaifu na jua. Kisanduku cha pili na cha tatu vikijaa, uzi ufungwe.

#41 Njia_Panda
Nitafanya. Taarifa za viwanja vya ndege ziko wazi: HTKJ ni KIA (uwanja wa Kilimanjaro), HTZA ni Unguja, HTTG ni Tanga. Nitaandika upepo wa HTZA wa saa tisa mchana na wingu la HTKJ la asubuhi inayofuata. Nikiona BKN012 maana yake wingu limefunika sehemu kubwa ya anga, futi 1,200 juu ya uwanja.

#42 Sinoptiki
Sawa, ila tumia upepo wa saa tatu usiku pia, ule wa mchana umechanganyika na upepo wa bahari na utakudanganya. Na andika mwelekeo: nyuzi 160 na 180 ni kusi, 090 ni matlai (upepo wa mashariki), usiviweke kisanduku kimoja. Saa za taarifa hizo ni za Greenwich, ongeza tatu. 0300Z ni saa kumi na mbili asubuhi yetu.

#43 Longido_Kavu
KIA iko tambarare kati ya milima miwili, siyo mteremkoni. Utapima wingu la KIA, siyo la Kibosho.

#44 Kahawa_Kibosho
La Kibosho nitaandika mimi, saa moja asubuhi na saa nane mchana. Mwenye Longido aandike la kwake.

#45 Chalii wa Sakina
Na Mama Kilombero aandike bei ya nguru, tuone nani anatabiri vizuri.

#46 Mama_Kilombero
Niandike na umri wa mwezi pembeni, la sivyo mtaipa kusi sifa ya bamvua.